Redio ya Jiji Iliyosikika Bara

Wazee wa Dar es Salaam wakitaja redio ya zamani, aghalabu huwa na kituo kimoja mawazoni: kile kilichoanza mwaka 1951 chini ya serikali ya kikoloni kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na kuanzia 1965 kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Kumbukumbu hizo huchukuliwa kirahisi kuwa ni kutamani ujana uliopita. Mimi nazihesabu kuwa ushahidi wa historia ya jiji. Dar es Salaam ilikua kwa wahamiaji, na kituo hicho ndicho kilichowawezesha kuwa watu wa mjini bila kukatika na kwao.

Sababu ya kwanza imo katika mawimbi yenyewe. Mchana, mawimbi ya AM katika masafa ya kati hutambaa juu ya ardhi. Jua likizama, yale yanayopaa hadi tabaka la juu la anga hurudishwa chini mamia ya kilomita mbali. Mtambo wa mwanzo ulikuwa mdogo, ukisikika mjini na viungani tu. Nguvu zilipoongezwa, na masafa mafupi yakatumika pia, sauti ya jiji ikafika mikoani. Kwa sensa ya 1967, Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 272,000. Kufikia 1978 idadi hiyo ilikaribia kuongezeka mara tatu, wengi wao wakitoka bara. Simu zilikuwa chache na barua ilichukua siku nyingi. Mtu akifia Temeke au Kariakoo, tangazo la kifo lilisomwa redioni, ukoo, kijiji na majina ya ndugu yakatajwa, na siku hiyohiyo watu wa kwao wakaanza kukusanyika. Salamu za wasikilizaji nazo zilifanya kazi hiyo kwa upande wa furaha.

Muziki ulifuata njia hiyohiyo. Bendi za jiji, kuanzia NUTA Jazz hadi DDC Mlimani Park iliyoanzishwa 1978, zilirekodi katika studio za RTD zilizokuwa Barabara ya Pugu. Umuhimu wa studio hizo uliongezeka baada ya mpaka na Kenya kufungwa mwaka 1977, kwa kuwa Nairobi ndiko santuri nyingi zilikokuwa zikitengenezwa. Kijana wa Tabora aliujua mtindo wa bendi ya Dar es Salaam kabla hajapanda treni. Ni kweli kwamba wanamuziki wengi hawakufaidi jasho lao: wimbo ulipigwa miaka na miaka, na wengine wakaunakili kwenye kaseti na kuuza. Deni hilo halijalipwa, na sifa za redio hazilifuti.

Wapo watakaosema kwamba RTD ilikuwa kipaza sauti cha serikali, na kwamba watu waliisikiliza kwa kukosa pa kwenda. Nusu ya hoja hii naikubali. Kituo kilichorusha vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili afya, hakikuwapa nafasi kama hiyo waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa. Nusu ya pili haisimami. Mwenye redio ya masafa mafupi aliweza kupata matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo tangu 1954, BBC tangu 1957 na Ujerumani tangu 1963. Wengi walifungulia huko kutafuta habari walizozishuku nyumbani, kisha wakarudi RTD, kwa sababu London isingeweza kuwatangazia msiba wa shangazi yao.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua milango, Radio One ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994, na baadaye vituo vya FM vikaongezeka. Jiji likapata sauti nyingi na uhuru wa kubishana ambao RTD haikuutoa. Hakuna sababu ya kutaka ukiritimba urudi. Lakini wimbi la FM huishia makumi ya kilomita tu kutoka kwenye mnara, na kituo cha jiji huzungumza zaidi na jiji. Leo habari ya msiba hupita kwenye simu, ikawafikia wanaofahamiana tayari. Zamani hata jirani asiyejua ukoo wako alisikia jina la kijiji chako, akajua unatoka wapi na umefiwa na nani.

Kwa hiyo kanda za RTD, zenye nyimbo, hotuba na michezo ya redio, zihifadhiwe kidijitali, zifunguliwe kwa umma, na wanamuziki walipwe haki yao. Peke yake hazitoshi. Tangazo la kifo au salamu zilizosomwa mara moja hewani zimebaki zaidi vichwani mwa waliozisikia, nao wanazidi kupungua. Atakayeandika historia ya Dar es Salaam kwa ramani na majalada ya serikali pekee ataeleza jinsi nyumba zilivyojengwa. Waliozijaza, na kamba iliyowaunganisha na kwao, atawapata kwa kuwauliza wazee walikuwa wakisikiliza nini jioni.