Taaluma Iliyojengwa na Wageni

Anayedhani shahada ya habari na mawasiliano ni ya kujifunza kusoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku hajui ilikotoka. Wakubwa wa mwanzo wa taaluma hii hawakuisomea. Wangeisomea wapi, nayo haikuwapo? Walikuwa wanauchumi, wanahisabati, wanasaikolojia na walimu wa fasihi, kila mmoja akivutwa na swali ambalo fani yake peke yake haikuweza kulijibu.

Mwaka 1910, katika mkutano wa kwanza wa wanasosholojia wa Ujerumani mjini Frankfurt, Max Weber alipendekeza utafiti mkubwa wa magazeti: nani anayamiliki, matangazo ya biashara yana nguvu gani, msomaji anabadilikaje kwa kuyasoma. Utafiti haukufanyika. Miaka sita baadaye Karl Bücher, mwanauchumi aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 70 na aliyewahi kufanya kazi gazetini, alifungua taasisi ya elimu ya magazeti katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Vita vilikuwa vimepamba moto, propaganda imejaa kila upande, naye akataka waandishi wapate elimu ya chuo kikuu.

Wamarekani walianzia kwenye ufundi. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Missouri kilifungua shule ya uandishi wa habari chini ya Walter Williams, mhariri asiyekuwa na shahada yoyote, na siku ya kwanza ya masomo gazeti la shule likatoka.

Utafiti wenyewe uliletwa na vita na redio. Harold Lasswell, mwanasayansi ya siasa, alichapisha mwaka 1927 uchambuzi wa propaganda za Vita vya Kwanza vya Dunia. Kisha akaja Paul Lazarsfeld, mwenye uzamivu wa hisabati kutoka Vienna, aliyefika Marekani mwaka 1933 kwa ufadhili wa Rockefeller na akabaki huko hali ya Austria ilipoharibika. Mwaka 1940 timu yake iliwafuata wapiga kura wapatao 600 wa kaunti ya Erie, katika jimbo la Ohio, ikiwahoji tena na tena kuanzia Mei hadi Novemba. Wengi walidhani wakati ule kwamba redio humgeuza mtu kirahisi. Watafiti walikuta waliogeuzwa ni wachache, na kwamba watu wengi walimsikiliza jirani au mfanyakazi mwenzao aliyefuatilia siasa kuliko wao.

Lazarsfeld huyo huyo alikuwa amemwita Theodor Adorno, mwanafalsafa na mtunzi wa muziki, achunguze muziki wa redioni. Hawakuelewana. Mmoja alitaka madodoso na asilimia. Mwenzake alishikilia kwamba utamaduni haupimwi kwa dodoso. Ugomvi huo haujaisha. Ingia idara yoyote ya mawasiliano leo utawakuta wapimaji na wahakiki, kila upande na meza yake ya chai.

Aliyewaweka wote chini ya paa moja ni Wilbur Schramm, msomi wa fasihi ya Kiingereza. Alianzisha taasisi ya utafiti wa mawasiliano Illinois mwaka 1947, akahamia Stanford mwaka 1955. Mwaka 1959 mtafiti mwenzao Bernard Berelson aliandika kwamba uwanja huu unanyauka, kwa kuwa waliouanzisha wanauacha. Schramm alimjibu kwamba hapa ni njia panda: wengi hupita, wachache hukaa. Berelson alikosea, tena wakati televisheni ilikuwa imekwisha kuota mizizi majumbani.

Kwingineko mambo yalikwenda kivyake. Mjini Toronto Harold Innis, mwanahistoria wa uchumi, alianza na biashara ya manyoya na samaki, akaishia kuandika jinsi mafunjo na karatasi vilivyoshikilia dola. Birmingham, mwaka 1964, Richard Hoggart alifungua kituo cha kuchunguza utamaduni. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaica aliyekiongoza baadaye, alionyesha kwamba mtazamaji anaweza kuuelewa ujumbe vizuri na bado akaukataa. Kituo kilifungwa mwaka 2002.

Afrika Mashariki taaluma hii iliingia kwa mlango wa ufundi, na kwa haraka. Mataifa yalikuwa yakipata uhuru na vyumba vya habari vilihitaji wenyeji mara moja. Tangu mwaka 1963 mhariri Mwingereza Tom Hopkinson aliendesha kozi za uandishi wa habari za miezi sita mjini Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata shule yake mwaka 1970, Tanzania ikawa na Shule ya Uandishi wa Habari (TSJ) mwaka 1975, Makerere ikafungua idara mwaka 1988. TSJ iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003 tu.

Kinachoniudhi ni kwamba kazi mtambuka bora kuliko zote hapa kwetu ilifanyika kabla ya TSJ kuwapo, tena na watu wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973, nchini Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Tiba, ualimu, lugha na siasa vilikutana kwenye kipindi kimoja. Ni lile lile la Erie: redio iliwafikia, lakini mazungumzo ya wao kwa wao ndiyo yaliyowanyanyua.

Mwanafunzi wa leo anakutana na kampuni za simu, takwimu za mitandao, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zilizotungwa Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Somo moja la utangulizi kutoka kila idara halimtoshi. Wakuu wa idara, mlazimisheni achague fani ya pili, iwe uchumi, sheria au takwimu, aisome miaka yote mitatu na afanye mitihani ile ile wanayofanya wenye fani yao.