Bengaluru Inapofunga Skuli

Mwaka 2016 wanangu walianza kusikiliza taarifa ya habari ya usiku kabla ya kupanga mabegi. Tulikuwa tumehamia Bengaluru, India, kwa kazi ya mume wangu, tukitokea Unguja, na skuli tuliyoilipia ada ya kuumiza ilikuwa haipitishi muda bila kufungwa. Julai mabasi ya serikali yaligoma, watoto wakabaki nyumbani. Tarehe 30 mwezi huohuo ikaja bandh ya mto Mahadayi. Septemba 2, mgomo wa vyama vya wafanyakazi nchi nzima. Septemba 9, bandh ya mto Kaveri.

Bandh ni siku ambayo chama au kikundi kinaamuru mji mzima ufunge: maduka, mabasi, bajaji, skuli. Maziwa na hospitali ndiyo huachwa. Bibi wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Mandya, ambaye wanangu walimwita Ajji kama watoto wote wa jengo lile, alikuwa akinigongea mlango magharibi: "Binti, kanunue maziwa sasa hivi. Na mboga. Kesho hata muuza majani ya mchuzi hatopita." Kwao Mandya ni nchi ya miwa na mpunga, na yote inakunywa maji ya Kaveri. Ugomvi wa maji hayo kati ya jimbo letu la Karnataka na jimbo jirani la Tamil Nadu una mikataba ya 1892 na 1924, enzi za Mysore na Madras, na mwaka 1991, baraza la usuluhishi lilipoamuru maji yateremshwe kwa jirani, Bengaluru ililipuka na wazungumzaji wa Kitamil wakakimbia makwao. Ajji aliyaona hayo kwa macho yake. Kwake yeye 2016 ilikuwa marudio tu.

Lakini desturi yenyewe ya kufunga mji ilianza kabla ugomvi huo haujapamba moto. Aprili 6, 1919, Gandhi aliwaita Wahindi wafanye hartal kupinga sheria ya Rowlatt iliyoruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kesi. Watu wafunge saumu siku ile, wasali, waache kazi. Mwaka uliofuata chama cha Congress kikaenda mbali zaidi: wanafunzi watoke katika skuli na vyuo vya serikali ya Mwingereza. Na hawakuachwa wakirandaranda. Oktoba 1920 Gujarat Vidyapith ilifunguliwa Ahmedabad, na Jamia Millia Islamia ikaanzishwa Aligarh, ili waliotoka wapate pa kusoma. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wazee wale.

Sisi wa visiwani silaha hii ya kususia tumeionja. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar, wakiungwa mkono na Congress, waligoma kununua karafuu kupinga sheria zilizokipa chama cha wakulima udhibiti wa biashara hiyo. Suluhu ilipatikana 1938.

Tofauti ni nani anayeufunga mlango. Katika hartal ya Gandhi mwenye duka alitakiwa aufunge mwenyewe, kwa hiari. Katika bandh anaufunga kwa kuogopa mawe. Mahakama Kuu ya Kerala iliiona tofauti hiyo mwaka 1997, ikatamka kwamba bandh inavunja katiba, na Mahakama ya Juu ikakubali. Waandaaji wakafanya nini? Wakarudi kuiita hartal, wakaendelea. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Bombay ilivitoza vyama vya Shiv Sena na BJP rupia milioni mbili kila kimoja kwa bandh ya mwaka uliotangulia.

Septemba 12, 2016, haikuwa hata bandh. Ilikuwa Jumatatu, mkesha wa Idi Kubwa. Mahakama ya Juu ilikuwa imeamuru tena maji yateremshwe Tamil Nadu, na mchana skuli ikapiga simu: njooni mchukue watoto. Bajaji zilikuwa zimeshatoweka barabarani, nikaenda kwa miguu. Dereva wa basi la skuli alikuwa akifunga bendera ya Karnataka, njano na nyekundu, mbele ya kioo, ili waandamanaji wajue kuwa basi ni la hapahapa. Jioni mabasi kadhaa yenye namba za Tamil Nadu yaliteketezwa kwenye yadi moja, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Idi tuliisherehekea ndani, nguo mpya na biriani, wageni wetu wakiwa Ajji na mlinzi wa jengo.

Wanangu walifidiwa masomo yao siku za Jumamosi. Mtoto wa mlinzi alisoma skuli ya serikali, ambako tangu amri ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2001 watoto wa msingi hupikiwa chakula cha mchana. Siku ya bandh jiko la skuli haliwashwi, na wazazi walio vibarua hawana pa kwenda kutafuta. Gandhi na wenzake walipowatoa watoto darasani waliwafungulia pengine pa kusoma. Anayeitisha bandh leo na aanze kwa kuonyesha watoto hao watakula wapi.