Kungoja Kusi: Tawakali katika Historia ya Usafiri wa Pwani

Neno msimu, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, kwa mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki lilikuwa jina la muda ambao pepo huruhusu chombo kutoka bandari moja na kufika nyingine, na kwa hiyo lilibeba ndani yake onyo kwamba nje ya muda huo hakuna mwanadamu, awe nahodha au sultani, mwenye amri juu ya safari. Maisha ya Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa yalisimama juu ya ukweli huo kwa karne nyingi, na watu wa miji hiyo waliuzoea ukweli huo hadi wakaugeuza kuwa stadi yenye kanuni zake za kazi, za mali na za ibada. Utulivu wa moyo wa baharia wa zamani hauwezi kueleweka bila kuzichunguza kanuni hizo, kwa sababu utulivu huo ulifundishwa na kurithishwa kama ulivyorithishwa ufundi wa kukata tanga.

Kaskazi, yaani upepo uvumao kutoka kaskazini-mashariki takriban Desemba hadi Machi, ulileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, uanzao Aprili, uliviondoa na kuvirudisha kwao. Kati ya pepo hizo mbili kulikuwa na malelezi, kipindi ambacho upepo hugeukageuka na nahodha hawezi kuutegemea, na hata kusi yenyewe ilipokaza mnamo Juni na Julai bahari ya Bara Hindi ilichafuka kiasi cha kuzifunga bandari za magharibi ya nchi hiyo. Mpango wa pepo ulijulikana na kila mtoto wa pwani. Siku ya kugeuka kwake haikujulikana na yeyote. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na huwa na siku 354 hivi, hauwezi kushikamana na majira, na ndiyo maana mabaharia waliutumia pia mwaka wa jua ulioanza kwa siku ya Nairuzi, desturi yenye asili ya Uajemi, wakizihesabu siku zake 365 kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Hesabu hiyo iliwawezesha kujua ni mwongo gani wa kutazamia upepo, na baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kutazama anga na kungoja.

Kungoja huko ndiko kulikoijenga miji. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, anaeleza kuwa chombo kilipofika Mogadishu vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba chakula, na mfanyabiashara aliyepokea chakula cha mwenyeji fulani akawa mgeni wake, akalala kwake na kuuza bidhaa zake kupitia kwake hadi wakati wa kuondoka. Kilwa nayo ilikuwa karibu na mpaka wa kusini ambao chombo kutoka Arabuni kingeweza kuufikia na kurejea ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo dhahabu ya Sofala ilipitia humo, na ghala za Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali katika karne ya 14, zinathibitisha ni mali kiasi gani ililala ikingoja upepo. Mwanadamu wa leo huona kungoja kuwa ni hasara. Mji wa Kilwa ulikuwa mtoto wa kungoja.

Gharama ya kutongoja inaonekana wazi katika safari ya Vasco da Gama. Mwaka 1498 aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, akiongozwa na rubani aliyepewa na mtawala wa mji huo, na kwa siku 26 tu, kusi ikiwa nyuma yake, akafika karibu na Calicut. Wakati wa kurudi alitoka pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijashika, na bahari hiyo hiyo ikamchukua takriban miezi mitatu, huku watu wake wengi wakifa kwa kiseyeye, kiasi kwamba waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote na moja ikalazimika kuchomwa moto.

Jina ambalo watu wa pwani waliupa msimamo wao ni tawakali, yaani kumwachia Mungu matokeo baada ya kutimiza wajibu, na sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Hadithi ya Mtume iliyomo katika mkusanyiko wa Tirmidhi humwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee, na kwa baharia ngamia huyo alikuwa chombo. Kabla ya safari kilipandishwa mchangani, kikatiwa kalafati, yaani pamba iliyoshindiliwa katika maungio ya mbao, kikapakwa sifa, mafuta ya papa, na chini yake deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaozuia wadudu wanaotoboa mbao. Mtepe, chombo kilichoundwa hasa katika visiwa vya upande wa Lamu na kutoweka mwanzoni mwa karne ya 20, ulikwenda mbali zaidi katika hekima hii. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kwa hiyo zililegea na kukaza kadiri mawimbi yalivyotaka, na ulipogonga fungu haukupasuka kwa urahisi. Lakini uliingiza maji kila wakati, na kazi ya kufuta maji ilikuwa sehemu ya kawaida ya safari. Wajenzi wake hawakujaribu kuizuia bahari isiingie kabisa. Waliikadiria na kuiwekea watu. Methali isemayo kuwa chombo cha kuzama hakina usukani, ambayo wengine huifasiri kuwa kauli ya kukata tamaa, ikisomwa karibu na kazi hizi huonekana kuwa neno la kumfariji aliyekwisha kuushika usukani sawasawa.

Mali nayo ilipangwa kwa namna iyo hiyo. Katika mudharaba, ushirika wa kibiashara unaotambuliwa na sheria ya Kiislamu, mmoja hutoa mtaji na mwingine kazi. Faida hugawanywa kwa fungu walilokubaliana, na hasara ya mtaji, isipotokana na uzembe, humwangukia mwenye mtaji, ilhali mwenye kazi hupoteza jasho lake. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi hadi Unguja na delta ya Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939, aliona kuwa mabaharia walilipwa mafungu ya faida badala ya mshahara, na pia kwamba wengi walikuwa na deni kwa nahodha, naye nahodha kwa mfanyabiashara. Rizki isiyojulikana ilikubalika kwa kuwa iligawanywa, ingawa haikugawanywa kwa haki kila mara.

Haifai kuusifu utulivu huu bila kukumbuka kuwa vyombo hivyo hivyo vilichukua watumwa, ambao kwao kusi ilikuwa upepo wa kutenganishwa na ndugu, na tawakali ya nahodha haiwezi kuhesabiwa kuwa yao. Biashara hiyo ya baharini ilipigwa marufuku na mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873, baada ya tufani ya Aprili 1872 kuangamiza mikarafuu mingi ya Unguja na vyombo vya Sultani bandarini, huku Pemba ikisalimika.

Mwaka huo huo wa 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuja Unguja kwa ratiba, na katika karne iliyofuata mashine zikafungwa hata ndani ya majahazi, hivyo siku ya kuondoka ikawa jambo la kuandikwa katika karatasi. Hesabu ya miongo ilififia pamoja na waliokuwa wakiihitaji. Nairuzi, hata hivyo, imebaki Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa, na huadhimishwa mwezi wa Julai, kusi ikiwa imekaza. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, na jina lenyewe la sikukuu linatokana na kukoga, yaani kuoga, kwa kuwa watu waliteremka baharini kuuanza mwaka wakiwa wamejitosa katika maji hayo hayo.