Mnyoo mdogo wa gambani mwa konokono hula mabuu ya kichocho

Na Mwandishi Wetu, Kahama

KONOKONO wa majini hasafiri peke yake. Anayemwokota jarubani na kumtazama kwa kioo cha kukuzia huona gamba lake limebeba mwani na viumbe wadogo wengi, na baadhi yao wana uhusiano na afya ya mkulima mwenyewe.

Mkoani Shinyanga, konokono aitwaye Bulinus nasutus ndiye mwenyeji wa vimelea vya kichocho cha mkojo. Huishi katika madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga, na kiangazi hujificha matopeni hadi mvua irudi. Mayai ya vimelea hutoka na mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa mabuu yanayomsaka konokono na kumwingia. Wiki kadhaa baadaye humtoka mabuu ya namna nyingine, mamia kwa siku, ambayo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Yasipompata, hufa ndani ya siku moja au mbili.

Katika safari hizo mbili, ya kuingia na ya kutoka, mlinzi ni Chaetogaster limnaei, aliyeelezwa na mtaalamu von Baer mwaka 1827. Ni wa ukoo wa nyungunyungu, ingawa urefu wake ni milimita chache tu na mwili wake huangaza kama kioo. Hujishikiza kwa vinyweleo gambani na chini ya ukingo wake, akila mwani na mabuu yapitayo karibu. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa konokono wenye minyoo hiyo huambukizwa kwa uchache. Nchini Misri, wataalamu wamemkuta kwenye konokono wa kichocho.

Hata hivyo, mabuu yakishazama mwilini mwa konokono hawezi kuyafikia, na ulafi wake una kikomo. Dawa ya niklosamidi, iliyotumika pia Zanzibar, huua konokono lakini hudhuru samaki, na mnyoo naye hukosa makazi.

Maji ya Ziwa Victoria, ambayo mradi wake ulizinduliwa mwaka 2009, yamewapunguzia wengi safari za lamboni. Lakini mpunga haupandwi bombani. Mkulima bado husimama jarubani miguu mitupu. Dawa ya prazikwanteli humtibu, ila haimkingi anaporudi majini. Anayeona damu kwenye mkojo anapaswa kupimwa katika kituo cha afya mapema, kabla kibofu na figo havijaharibika.