Bibi Harusi na Dumu la Maji

Buti la gari la baba yangu lilikuwa na dumu la njano la lita 20, lililowahi kuwa la mafuta ya kula, kamba ya katani, spana namba 10, 12 na 14, msasa, vipande vya tyubu ya baiskeli, nusu mche wa sabuni ya kufulia na soksi ndefu za mama. Mtu asiyejua angedhani ni buti la mchuuzi. Sabuni ilikandikwa kwenye tanki likianza kuvuja, maana petroli haiiyeyushi sabuni kama maji yanavyoiyeyusha. Tyubu ilifungwa kwenye hozi iliyopasuka. Soksi zilisokotwa zikawa mkanda wa feni, mkanda wenyewe ukikatika njiani, na kuna jozi moja ambayo baba aliichukua kabla haijatoboka. Mama anaidai mpaka leo.

Gari lenyewe tuliliita Bibi Harusi kwa sababu halikwenda popote bila wasindikizaji. Alfajiri pale Magomeni Mapipa, watoto wa mtaa walijipanga nyuma yake bila kuitwa, baba anakaa kwenye usukani, klachi chini, gia ya pili, "Haya, sukumeni!" Likishtuka, moshi unatumeza wote. Baba alikuwa karani bandarini, na alilinunua mwaka 1991 kwa baharia aliyelileta kutoka Japani. Lilikuwa limetengenezwa mwaka 1983, lina milango minne na viti vya kitambaa cha kahawia. Sitaji ni la kampuni gani. Nimeilaumu kampuni hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa najua nilikuwa nikimsema mtu wa pembeni.

Ili uelewe kwa nini karani alikubali kununua gari la kusukumwa, inabidi urudi nyuma kidogo. Kwa kizazi cha baba, gari dogo la nyumbani lilikuwa kitu cha kukitazama. Wenye magari makubwa walikuwa na jina lao, Wabenzi, nalo halikuwa la sifa. Baba mwenyewe alikuwa mtu wa Peugeot 404, ingawa hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa akisimulia habari za Bert Shankland, aliyeishi hapa hapa Dar es Salaam na kushinda Safari Rally kwa gari hilo mwaka 1966 na tena 1967, utafikiri alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Mimi katika hadithi zake nilimpenda zaidi Joginder Singh wa Kenya. Yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwishakimbizwa na watu wengine katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Naam, gari la mkononi! Baba hakuipenda hoja hiyo. Alisema Kalasinga yule angeshinda hata kwa mkokoteni.

Kisha hata kutazama kukawa haba. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, na baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hazina ya nchi ilikuwa kavu. Magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Baba na mama, waliokuwa wameoana karibuni, walikuwa wakitembea Jumapili jioni katikati ya Barabara ya Morogoro, mikono mitupu, lami yote yao. Ukitaka kuagiza gari ulihitaji kibali, na ukipata kibali ulihitaji fedha za kigeni, ambazo mshahara wa karani hauzijui.

Mlango ulifunguliwa nusu kabla ya Mzee Ruksa, ingawa sifa zote tumempa yeye. Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuhojiwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi, ndiye huyo Mzee Ruksa, akaingia Ikulu, na ule upenyo ukawa njia ya kupitisha gari. Mabaharia, wafanyabiashara wa Unguja, watu wenye ndugu Uarabuni, wote wakagundua kwamba kuna nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani kulia kama sisi, na inauza magari mazima kama mtu anayehama nyumba.

Kwa nini Wajapani waliyauza? Hapo ndipo nilipoanza kubadili mawazo. Kwao, tangu sheria ya mwaka 1951, kila gari hukaguliwa kwa vipindi maalumu, nao wanaita ukaguzi huo *shaken*. Gari jipya la nyumbani hupewa miaka mitatu ya kwanza, kisha hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Si ukaguzi wa kuinama, kuangalia taa na kupokea bahasha. Kinachotakiwa kubadilishwa kinabadilishwa, kodi na bima zinalipwa hapo hapo, na mwenye gari anatoka amekamuliwa. Mpaka mwaka 1995 gari lililozidi miaka kumi lilitakiwa kukaguliwa kila mwaka. Kwa hiyo lilipokaribia umri huo mwenyewe alipiga hesabu, akaona ukaguzi unaelekea kula thamani ya gari, akaliachia. Gari la namna hiyo si bovu. Ni gari lililotunzwa kwa viboko maisha yake yote, halafu likaletwa mahali pasipo na mwenye kiboko.

Bibi Harusi alifika kwetu na umri wa miaka minane. Mama anakumbuka kwamba mwaka wa kwanza hakusukumwa hata mara moja. Sisi watoto tulisahau kabisa kwamba mwaka huo ulikuwepo.

Ugonjwa ulianzia kwenye maji. Dumu lile la njano lilijazwa kisimani kwa jirani, na maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Hata chai ukiipika nayo utajua. Rejeta ilipopungua, baba alimimina. Dawa ya rejeta, ile ya kijani inayozuia kutu, ilikuwa madukani lakini kwa bei ya kilo kadhaa za nyama, na nani atanunua maji ya rangi? Chumvi na kutu vikaanza kujenga nyumba ndani ya vile vijia vyembamba. Kisha mfuniko wa rejeta ukapotea gereji. Badala yake likawekwa tambara lililosokotwa ndani ya kopo. Mfuniko ule tuliudhania kizibo tu, kumbe unabana presha ili maji yasichemke mapema. Ukiuondoa, maji ya Dar yatachemka nyuzi 100, na ukipanda Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, yatachemka kwenye 95 hivi.

Nasi tulipanda Iringa. Desemba 1994, watu sita, magunia mawili na jogoo. Mama ni wa huko, na alitaka afike kwao na gari, aisikie salamu ya *kamwene* ya shangazi zake akiwa ameshusha kioo. Mikumi tulipita vizuri, twiga wakatutazama. Ruaha Mbuyuni mama akanunua vitunguu, na hapo baba alipaswa kufungua boneti, lakini geji ilikuwa katikati naye aliamini geji kuliko pua yake. Mimi nilikuwa nimeshasikia harufu tamu ya moto. Kona ya tatu ya Mlima Kitonga, mshale ukapanda kama uliofyatuliwa, mvuke ukafunika kioo cha mbele, jogoo akaanza kuwika.

Baba akatoa dumu, akamimina maji ya baridi kwenye injini inayotokota. Utingo wa lori la saruji, lililokuwa likijikongoja nyuma yetu, aliruka chini akipiga kelele, "Mzee, acha! Mzee, utapasua!" Alichelewa. Ndani pakalia *tak*, sauti ndogo sana. Utingo akatazama chini kama mtu aliyefika msibani. "Pole, mzee," akasema. "Hedi hiyo." Walitufunga kwa kamba ya katani wakatuvuta. Kamba ilikatika mara mbili, na kila ilipokatika ndugu zangu walishuka haraka kuweka mawe nyuma ya matairi huku mama akisali kwa Kihehe, lugha ambayo kwa kawaida aliitunza kwa ajili ya kugombana.

Fundi wa Iringa alifungua, akakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Hedi imepinda, gasketi imeungua. Aliipeleka ikachongwa, akaweka gasketi mpya, kazi safi. Kisha, kabla ya kufunga, akachomoa kidude cha shaba chenye ukubwa wa kikombe cha kahawa, akakiweka kiganjani mwa baba. "Hii ni themostati, mzee. Ni ya nchi za baridi. Huku Afrika ni joto, inazuia maji tu. Nimeitoa." Alisema hivyo Iringa, mwezi wa Desemba, amevaa sweta.

Sentensi ile imesemwa katika kila gereji niliyowahi kukanyaga, kutoka Gerezani hadi Tegeta, na kwa heshima ile ile ya mtu anayetoa siri ya ufundi. Ukweli ni kwamba kidude kile kina nta ndani. Injini ikiwa baridi kimefunga, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata joto upesi. Ikifika nyuzi 80 na kitu, nta inayeyuka na kutanuka, inasukuma mlango, maji yanapita. Ukikitoa, injini inaendeshwa baridi asubuhi nzima, inakunywa petroli, na oili haipati joto la kuufukuza ule unyevunyevu unaotengeneza tope. Na katika injini nyingi kinafanya kazi ya pili: kikifunguka kinaziba njia ya mchepuko. Kisipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka ndani tu bila kuiona rejeta, jambo ambalo hulijui mpaka ufike mlimani.

Tulirudi Dar mshale wa geji umelala chini kabisa. Furaha ilikuwa kubwa! Baba aliwaonyesha majirani: "Limepona, halichemshi tena." Miaka minne halikuchemsha, lilikufa polepole tu. Mwaka 1998 injini ilikwama Ubungo, tope jeusi limeziba kila mahali, na Bibi Harusi akapelekwa Ilala akachinjwa. Mlango wake wa dereva niliuona baadaye kwenye teksi moja ya bluu pale Kariakoo, nikajizuia kuupungia mkono.

Habari hii nimeshawasimulia wengi, na kila mmoja ana ya kwake. Rafiki yangu wa Mwanza alikuwa na gari lililokataa kuwaka mpaka mtu apige altaneta kwa nyundo, na walikuwa na nyundo maalumu ya kazi hiyo, ya mbao, iliyokaa kwenye kiti cha mbele kama abiria. Mabosi wangu wawili walikuwa na magari yasiyorudi nyuma, wakawa wanachagua pa kuegesha kama marubani. Madalali nao wakajijengea lugha. "Injini haijaguswa" maana yake haijabadilishwa oili. "Ni kuwasha na kuondoka" haikuambii utaondoka kwenda umbali gani. Siku hizi wanaanza na namba ya usajili, namba C, namba D, kana kwamba herufi ndiyo inayozuia kutu.

Gari langu la kwanza nililinunua 2009, nalo lilikuja likizungumza. Kila nikiwasha, mwanamke wa Kijapani alinitangazia jambo kwa adabu kubwa. Miezi sita nilimjibu "marahaba", mpaka mtu akanieleza kwamba anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Redio iliishia 90, maana FM ya Wajapani ilianzia 76 hadi hapo, kwa hiyo nusu ya stesheni za Dar nilizisikia kwa jirani tu. Injini ilikuwa ya aina ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambayo Mitsubishi ilikuwa ya kwanza kuiuza kwa wingi kwenye magari ya petroli mwaka 1996, kisha wenzake wakafuata. Ni injini ya watu wenye mafuta safi. Sisi tulikuwa kwenye miaka ya kuchakachua.

Neno hilo sasa liko kila mahali, kura zinachakachuliwa, vyeti vinachakachuliwa, lakini mafundi walilijua kwanza mikononi mwao, kwenye pampu zilizokufa kwa sababu mtu alichanganya mafuta ya taa, yaliyotozwa kodi ndogo, na mafuta ya magari. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilianza kuyatia mafuta kinasaba ili yatambulike, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kuondoa kishawishi. Mwaka ule ule wa 2010 tulikuwa na uchaguzi, na neno likahama gereji likaingia kwenye siasa. Pampu yangu ilikuwa imeshakufa mara mbili. Fundi akaniambia, kwa sauti ninayoifahamu, kwamba magari haya ni ya nchi za baridi.

Mwaka jana baba alihamia kwangu, na katika sanduku lake la bati nilikuta kitu kimefungwa kwenye gazeti lililogeuka rangi ya ugoro. Kilikuwa ile themostati. Alikuwa ameitunza tangu Iringa, kwa sababu ni shaba. Nikaichukua hadi jikoni, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji, nikawasha gesi. Baba akavuta kiti. Maji yakaanza kutoa vipovu vidogo, kile kidude kimetulia chini kama konokono. Kisha, kabla maji hayajachemka, mlango wake ukaanza kusogea, taratibu, ukafunguka wote. Nikazima gesi. Maji yalipopoa ukajifunga wenyewe.

Baba alitazama muda mrefu. "Washa tena," akasema. Nikawasha, kikafunguka tena. Akavua miwani, akaifuta mvuke kwa ncha ya shati, kisha akaniuliza kama Ilala bado wananunua spea za gari lile.