Kamera iliyojifunza kutazama pande mbili

Tarehe 30 Januari 1923, mjini Lausanne, Uswisi, wajumbe wa Ugiriki na Uturuki walitia saini mapatano ambayo Waturuki huyaita mübadele. Sikio la Mswahili halipati taabu na neno hilo: shina lake ni lile lile la Kiarabu lililotupatia badala na badili. Kilichobadilishwa Lausanne ni watu. Wakristo wa Kiothodoksi wapatao milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia vita vya nchi hizo mbili mwaka mmoja kabla. Waislamu kati ya 350,000 na 400,000 wakahamishwa kutoka Ugiriki kwenda Uturuki. Hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Kigezo kilikuwa dini, wala si lugha. Wakristo wa Kapadokia waliozungumza Kituruki tangu enzi za mababu, wakikiandika kwa herufi za Kigiriki, walishushwa bandarini katika nchi ambayo kwa lugha yake hawakuweza hata kuomba maji ya kunywa. Waislamu wa Krete, ambao Kigiriki kilikuwa lugha ya mama zao, walipelekwa Ayvalık na kisiwa cha Cunda, wakakuta wenyeji wakiwaita nusu makafiri. Ng'ambo ya pili, Ugiriki, wakimbizi waliitwa mbegu ya Waturuki, na watu waliobatizwa kwa mtindi. Ugiriki ya wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 5 tu, hivyo vitongoji vizima vilichipuka Athens kwa majina ya kwao walikotoka: Nea Smyrni, yaani Smyrna Mpya, na Nea Ionia. Shabiki wa soka anayeijua klabu ya AEK na ajue kuwa ilianzishwa mwaka 1924 na wakimbizi hao, na herufi K ya mwisho ni ya Konstantinopoli.

Picha za sinema za maafa hayo zipo. Smyrna, ambayo leo ni Izmir, ilipoanza kuungua tarehe 13 Septemba 1922, umati ulibanana gatini, moto nyuma na bahari mbele, na baadhi ya mambo yakanaswa kwenye mkanda. Lakini mikanda hiyo haikuwa na sauti. Waliohamishwa walionekana wakipita na mafurushi, halafu wakatoweka. Waliookoa sauti zao walitumia kalamu: kuanzia mwaka 1930, Melpo Merlier na wenzake mjini Athens walianza kazi ya kuwahoji wazee, na kituo chao kikakusanya ushuhuda wa wakimbizi wapatao 5,000. Uturuki ilinyamaza kwa muda mrefu zaidi. Jamhuri changa ilitaka taifa moja lenye lugha moja, na wazee wa Krete wakakihifadhi Kigiriki chao ndani ya nyumba. Wakfu wa waliohamishwa kwa mapatano ya Lausanne ulianzishwa Istanbul mwaka 2001 tu, karibu miaka 80 baadaye.

Kamera ilipata mtihani wake mkubwa Kupro, kisiwa cha Wagiriki na Waturuki. Julai 1974 wanajeshi wa Kigiriki waliipindua serikali ya Askofu Mkuu Makarios, na siku tano baadaye jeshi la Uturuki likatua kisiwani. Wagiriki zaidi ya 160,000 wakahama kwenda kusini, na Waturuki makumi ya maelfu wakaenda kaskazini. Michael Cacoyannis, mzaliwa wa Limassol ambaye dunia ilimjua kwa Zorba the Greek, alikwenda na kamera majeraha yakiwa bado mabichi. Filamu yake, Attila '74, ilitoka mwaka 1975. Ina mahema, ina wanawake wanaotafuta waume, na ina Nikos Sampson, rais wa siku chache wa mapinduzi, akihojiwa. Ni filamu ya machozi ya kweli, nami naiheshimu. Hata hivyo uzito wake wote uko upande mmoja, wakati Waturuki wa Kupro walikwisha kufukuzwa vijijini kwao tangu 1963 na 1964.

Ilichukua karibu miaka 20 kabla jicho la pili halijafunguka. Mwaka 1993 Panicos Chrysanthou, Mgiriki wa Kupro, na Niyazi Kızılyürek, Mturuki aliyezaliwa katika kijiji cha mseto cha Potamia, walitoa filamu ya makala iitwayo Our Wall. Wakati huo mstari uliokigawa kisiwa ulikuwa bado umefungwa, na kushirikiana na mtu wa ng'ambo kulitosha kukufanya uitwe msaliti na watu wako mwenyewe. Kwangu mimi, historia ya sinema ya suluhu kisiwani humo inaanzia hapo. Chrysanthou hakuishia hapo: mwaka 2004 yeye na Derviş Zaim, Mturuki wa Kupro, walitoa Parallel Trips, wakiuweka ushuhuda wa mauaji ya 1974 kutoka pande zote mbili ndani ya filamu moja.

Tarehe 23 Aprili 2003 kivuko cha Ledra Palace mjini Nicosia kilifunguliwa. Maelfu walipanga foleni kwenda kuziona nyumba zao. Mzee anabisha hodi kwenye mlango alioupaka rangi mwenyewe. Anayefungua naye ni mkimbizi, ameiacha yake ng'ambo. Kahawa nyeusi inaletwa katika kikombe kidogo, unga umetuama chini. Mmoja anaiita ya Kigiriki, mwingine ya Kituruki. Kisha mwenye nyumba wa sasa anaingia chumbani na kutoka na picha za harusi za mgeni wake, alizomtunzia tangu 1974.

Kizazi cha Lausanne hakikuwahi kunywa kahawa hiyo. Maria Iliou alipotoa filamu yake kuhusu Smyrna mwaka 2012, na nyingine iliyofuata kuhusu kuhamishwa huko ikitazama pande zote mbili za Bahari ya Aegean, ilimbidi ategemee zaidi watoto, wajukuu na wanahistoria.

Kupro bado ina mashahidi wenyewe. Orodha ya waliopotea katika machafuko ya kisiwa hicho ina majina 2,002, Wagiriki 1,510 na Waturuki 492, na zaidi ya 900 hawajapatikana. Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1974 wamekwisha kuvuka 70.