Upimaji wa asidi katika milango ya mito

Ni ufuatiliaji wa pH, alkali na kaboni iliyoyeyuka pale maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari. pH peke yake hudanganya: hupanda mchana mimea ya majini inapofyonza kaboni dayoksaidi, ikashuka usiku. Chupa ya sampuli hutiwa kloridi ya zebaki kidogo, la sivyo bakteria huendelea kupumua humo na kuvuruga vipimo.

Katika ghuba ya Netarts, Oregon, Marekani, lava wa chaza walikufa kwa wingi mwaka 2007 na 2008. Upepo ulikuwa umepandisha maji baridi ya kilindini, yaliyosheheni kaboni dayoksaidi na hivyo yenye asidi zaidi. Kituo cha kuzalisha chaza kikaanza kupima maji yanayoingia na kuyatia magadi.